Fundi na Kadi Kuukuu ya Grafiksi

Katika maduka ya kompyuta za mtumba katikati ya jiji la Mwanza, sifa za mashine huandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya kifuniko: Core i7, ram 8, NVIDIA 2GB. Mteja husoma mstari huo, huuliza bei, na mazungumzo ya punguzo yanaanza. Fundi mzuri akiusoma mstari huohuo, maswali yake ndiyo kwanza yanaanza. NVIDIA ipi? Gigabaiti mbili za kumbukumbu ya aina gani? Njia yake ina upana wa biti ngapi? Chipu ni ya kizazi kipi, na imechoka kiasi gani? Kuyajibu maswali hayo kwa usahihi, kwa mashine ambayo kiwanda chake kilishaisahau, ni ufundi kamili. Unastahili kusifiwa kwa kina, kwa sababu ndio unaoamua kama akiba ya mtu itageuka kazi au hasara.

Mashine zenyewe tunazijua. Ni ThinkPad, Latitude, Precision, EliteBook: kompyuta mpakato zilizofanya kazi maofisini ughaibuni miaka kadhaa, zikashuka Dar es Salaam na kupandishwa hadi Kanda ya Ziwa. Wanaozitafuta wana kazi zao. Yupo mpima ardhi anayechora viwanja vya Igoma na Buswelu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Malimbe, kijana anayehariri video za kwaya na za ngoma za Kisukuma, na mama mwenye duka la picha za pasipoti. Wote wameambiwa jambo moja, kwamba kadi ya grafiksi ndiyo hufanya picha ziende haraka. Ni kweli, lakini ukweli huo una vyumba vingi ndani yake, na fundi ndiye mwenye funguo.

Kitu cha kwanza kinachomtofautisha fundi wa kweli ni kwamba haanzi na mashine. Anaanza na mtu. "Mzee wangu, hii unataka ikufanyie kazi gani?" Au, kwa kijana: "Kaka, video unarekodi kwa nini, kamera au simu?" Mteja asiyejua hudhani hayo ni maneno ya kumzoea. Kumbe jibu lake ndilo kipimo. Namba za kadi hazina uzuri wala ubaya mpaka zikutane na kazi, na fundi anayeanza kusifia kadi kabla hajaijua kazi ya mteja anauza karatasi iliyobandikwa kifunikoni.

Baada ya hapo ndipo anaiwasha. Tuseme ni ThinkPad W530, mashine nzito ya mwaka 2012 iliyotengenezwa kwa ajili ya wahandisi. Jina la kadi linatokea: Quadro K1000M. Fundi hulisoma jina hilo kipande kwa kipande. Quadro ni familia ya kadi za kazi, tofauti na GeForce ambayo ni ya michezo na matumizi ya nyumbani. K ni Kepler, kizazi cha chipu ambacho NVIDIA ilikianza mwaka 2012. Elfu moja ni ngazi yake ndani ya kizazi hicho, ngazi ya chini. M inaonyesha kwamba ni ya kompyuta mpakato, kwa hiyo imepunguzwa nguvu ili isiunguze mapaja ya mwenyewe. Mtu aliyezoea kadi ya kompyuta ya mezani yenye jina linalofanana atapotea hapa, kwa sababu herufi hiyo moja mwishoni hubeba tofauti kubwa.

Tena jina peke yake halimtoshi, kwa kuwa majina ya kadi yana historia ya kuchanganya. GeForce GT 540M ya mwaka 2011 ilikuwa na viini 96 vya kufanyia hesabu. Mwaka uliofuata ikaja GT 630M, na toleo lake mojawapo lilibeba chipu ileile ya mwaka uliotangulia chini ya namba mpya. GeForce 940MX ya mwaka 2016 ilikwenda mbali zaidi: jina moja lilitumika kwa kadi zenye kumbukumbu ya DDR3 na kwa kadi zenye kumbukumbu ya GDDR5, na tofauti ya kasi ya kumbukumbu kati ya hizo mbili ni zaidi ya mara mbili. Watu wawili wanaweza kununua mashine zenye jina moja la kadi siku moja, mmoja akafurahi na mwingine akalalamika, na wote wakawa wakweli.

Ndiyo maana fundi hushuka chini ya jina. Anafungua orodha ya vifaa vya Windows na kutafuta namba ya utambulisho wa chipu, ile inayoanza na VEN na kufuatiwa na DEV. VEN ni mtengenezaji: 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 8086 ni Intel, iliyojipa namba ya prosesa yake mashuhuri ya mwaka 1978. DEV ni chipu yenyewe. Kwa K1000M ni 0FFC, kwa ndugu yake K2000M ni 0FFB. Namba hii huonekana hata draiva ikiwa haijawekwa na Windows inaiita kadi kwa jina la jumla tu. Haibadilishwi na karatasi ya muuzaji wala na stika iliyobandikwa pembeni mwa kibodi. Kumwona fundi akiinakili kwenye daftari kabla hajasema neno ni kumwona mtu anayekataa kuhukumu kwa kusikia.

Kisha zinakuja namba za uwezo, na hapa ndipo uvumilivu wa ufundi huu unapoonekana. K1000M ina viini 192, inakwenda kasi ya megahezi 850, ina kumbukumbu ya gigabaiti 2 aina ya DDR3, na njia ya kumbukumbu yenye upana wa biti 128. K2000M, ambayo pia iliuzwa ndani ya W530, ina viini 384, mara mbili kamili. Muuzaji atasema ina nguvu mara mbili. Fundi atachukua kalamu.

Hesabu yake si ngumu. Kila kiini hufanya operesheni mbili kwa kila pigo la saa. Viini 192 kwa megahezi 850 ni operesheni bilioni 326 kwa sekunde. Viini 384 vya K2000M vinakwenda polepole zaidi, megahezi 745, kwa hiyo ni bilioni 572. Ongezeko ni kama robo tatu, halifiki mara mbili. Halafu anageukia kumbukumbu. Biti 128 ni baiti 16. DDR3 ya kadi hizi hupeleka data mara bilioni 1.8 kwa sekunde. Zidisha: gigabaiti 28.8 kwa sekunde. Na jibu hilo ni lilelile kwa kadi zote mbili.

Aliyewahi kusimama Mwaloni pale Kirumba asubuhi boti za dagaa zinapofika ataelewa haraka. Wapagazi wakiwa ishirini au arobaini, kama ubao wa kushukia kutoka kwenye boti ni mmoja na mwembamba, magunia yatafika nchi kavu kwa kasi ya ubao. Viini ni wapagazi, njia ya kumbukumbu ni ubao. Kwa kazi inayofikiri sana juu ya data kidogo, wapagazi wa ziada wana faida. Kwa kazi inayosomba picha kubwa kutoka kwenye kumbukumbu bila kupumzika, K2000M itasimama kwenye foleni pamoja na mdogo wake.

Sasa ilete K1100M, iliyokuja mwaka 2013 ndani ya mashine kama HP ZBook 15. Kwa jina iko chini ya K2000M. Viini vyake ni 384 vilevile, na kasi yake ya saa ni ndogo zaidi. Lakini kumbukumbu yake ni GDDR5, na kwa upana uleule wa biti 128 inapitisha gigabaiti 44.8 kwa sekunde, zaidi ya K2000M kwa zaidi ya nusu. Tena inakula wati 45 wakati K2000M inakula 55. Mteja anayefuata jina atachagua K2000M. Fundi aliyepiga hesabu ataweka kidole juu ya K1100M, na ataweza kueleza sababu kwa penseli, pale pale mezani.

Hata kuhesabu viini kunadai kujua kizazi. Mtu akiona viini 96 vya GT 540M na viini 192 vya K1000M, atasema ya pili ni mara mbili ya ya kwanza. Lakini GT 540M ni ya kizazi cha Fermi, na katika Fermi viini vilikuwa na saa yao wenyewe iliyokwenda mara mbili ya saa ya chipu: chipu ikiwa kwenye megahezi 672, viini viko kwenye 1344. Ukizidisha unapata operesheni bilioni 258. Kepler iliifuta saa hiyo ya pili ili kupunguza umeme na joto, ikaziba pengo kwa kuongeza idadi ya viini. Kwa hiyo tofauti halisi ya kadi hizi mbili ni kama robo. Fundi anayelijua hili ameelewa kwa nini wahandisi walifanya walichofanya, na mtu wa namna hiyo hadanganywi na namba kubwa hata ikija na jina asilolijua.

Kuna namba nyingine inayowapoteza wengi: ukubwa wa kumbukumbu. Mfumo huonyesha jumla ya kumbukumbu ya grafiksi, na jumla hiyo huchanganya ile ya kadi yenyewe na sehemu ya ram ya kompyuta inayoweza kuazimwa. Kadi ya gigabaiti 2 inaweza kuonekana ina 6. Fundi hutenganisha ya kwake na ya kuazima. Pia anajua kwamba mashine nyingi za aina hii zina grafiksi mbili, ya Intel iliyomo ndani ya prosesa na ya NVIDIA pembeni, zikipokezana kwa utaratibu uitwao Optimus ulioanza mwaka 2010. Mtu anaweza kutumia mashine yake miaka mingi programu yake ikiendeshwa na Intel, huku kadi aliyoilipia imelala. Fundi akibadilisha mpangilio mmoja, mteja anadhani amepata mashine mpya.

Mpaka hapa bisibisi haijaguswa. Inapoguswa, ufundi unaingia kwenye sura yake ya pili, maana sifa za kwenye karatasi zinaieleza kadi ilivyozaliwa, na kadi iliyo mezani ina zaidi ya miaka kumi ya joto na baridi mwilini mwake. Wati zote zinazoingia kwenye chipu hutoka kama joto, na njia yake ya kutokea ni pesti nyembamba, bomba la shaba, mapezi madogo na feni moja. Pesti hukauka. Mapezi hujaa vumbi, na hapa Mwanza kiangazi kina vumbi la kutosha. Kwa waishio ufukweni kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata mwanga usiku, na feni haichagui inachovuta. Fundi hufungua, husafisha, hufuta pesti ya zamani kwa spiriti mpaka uso wa chipu ung'ae, hupaka mpya kwa kiasi, na kukaza skrubu kwa mkingamo ili mgandamizo uwe sawa pande zote. Kisha anaipa kadi kazi nzito kwa programu kama FurMark, huku anatazama joto na kasi ya saa kwenye GPU-Z. Joto likipanda halafu likatulia, kadi ni nzima. Likikaribia nyuzi 90 na kasi ya saa ikaanza kushuka, kadi inajipunguza yenyewe ili isiungue, na zile operesheni bilioni 326 zimebaki kwenye karatasi.

Hofu ya fundi kwa joto ina historia. Mwezi Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 za Marekani kwa ajili ya chipu za kompyuta mpakato zilizokuwa zikifa mapema. Miongoni mwa zilizokumbwa ni za familia za 8400M na 8600M. Vitone vidogo vya lehemu vinavyoshika kipande cha silikoni kwenye kitako chake vilipasuka kwa kupashwa moto na kupoa mara nyingi. Mafundi duniani kote wakajifunza kuzipiga chipu hizo hewa ya moto, na kweli picha zilirudi, kwa wiki kadhaa. Hata kubadilisha lehemu yote kati ya chipu na madabodi hakukuponya, kwa kuwa ufa ulikuwa ndani ya chipu yenyewe. Fundi mwaminifu akiletewa mashine ya enzi hizo humwambia mteja ukweli huo kabla ya kupokea hela. Hapo elimu ya sifa za kiufundi inageuka uadilifu: kujua mwaka na familia ya chipu kunamzuia kuuza matumaini asiyoweza kuyatimiza.

Chaja nayo imo kwenye hesabu. Dell Precision M4700 ilitoka kiwandani na chaja ya wati 180. Ikifika sokoni bila chaja na kununuliwa ya wati 90 kwa sababu kichwa chake kinaingia, mashine huwaka, lakini hutoa onyo na kujizuia nguvu. Mteja atalaumu kadi. Fundi husoma maandishi madogo mgongoni mwa chaja kwanza.

Sura ya tatu ya ufundi huu ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, nayo ni kujua umri umeifungia kadi milango gani. Kadi haichakai kwa joto tu. Dunia ya programu nayo huiacha nyuma. Kizazi cha Fermi kiliacha kupata draiva mpya za kawaida mwezi Aprili 2018. K1000M, kwa upande wa CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kufanyia hesabu kwenye kadi, ni ya daraja la 3.0, na toleo la 11 la CUDA lililotoka mwaka 2020 liliacha kulitambua daraja hilo. Mwanafunzi anayetaka kujifunza akili mnemba nyumbani anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajalipa, hata kama viini ni 192 na vyote ni vizima.

Kijana wa video za kwaya ana mlango wake mwingine. Kepler ilikuja na kifaa cha kubana video za H.264 ndani ya chipu, jambo jipya na zuri kwa mwaka 2012. Lakini tangu 2017 iPhone zimekuwa zikirekodi kwa mfumo wa HEVC, na simu nyingine nyingi zina uwezo huo. K1000M haina kifaa cha kufungua HEVC, na Intel HD 4000 iliyo pembeni yake haina pia. Mzigo wote unaiangukia prosesa, video inakwama-kwama, na mhariri anachoka. Wakati huohuo, kwenye meza ileile, inaweza kuwepo EliteBook 840 G4, nyembamba, haina kadi ya pembeni hata moja. Grafiksi yake ni Intel HD 620 ya mwaka 2016, inayofungua HEVC kwa kifaa maalumu ndani ya chipu bila kutoka jasho. Kwa kijana huyu, mashine isiyo na kadi inaweza kuwa bora kuliko yenye kadi. Kwa mpima ardhi anayezungusha michoro mikubwa ya pande tatu kwenye programu iliyojaribiwa na kuthibitishwa kwa kadi za Quadro, jibu linaweza kugeuka. Na mama wa picha za pasipoti anaweza kuachana na habari za kadi kabisa, hela yake ikaenda kwenye ram na diski ya SSD.

Watu wamezoea kuheshimu ufundi unaoonekana kwa mkono. Mwanza ina historia yake katika hilo: Makoroboi, kati ya mawe katikati ya jiji, watu waligeuza makopo na mabati chakavu kuwa taa, upawa na vyombo vya nyumbani, na jina la mahali likabaki ushahidi. Aliyenunua koroboi aliweza kuona mshono wake na kuukagua kwa kidole. Kazi ya fundi wa kompyuta za mtumba ni ya ukoo huohuo, kukipa maisha ya pili kitu kilichotupwa na wengine, ila mshono wake umefichika ndani ya hesabu. Mteja hawezi kuukagua. Anaamini. Kwa hiyo ubora wa kazi yote unategemea mtu mmoja kukubali kutumia nusu saa akizidisha biti kwa kasi na kugawa kwa nane, kwa mashine ambayo angeweza kuiuza kwa kusema tu kwamba ina NVIDIA.

Wapo mafundi wanaoiandika kazi hiyo kwenye risiti: jina kamili la kadi, namba ya VEN na DEV, aina na ukubwa wa kumbukumbu yake yenyewe, upana wa biti, joto lililofikiwa baada ya kupewa kazi nzito, na wati za chaja iliyotolewa. Ni mistari sita. Mteja anayeondoka nayo anaweza kuipeleka kwa fundi mwingine yeyote, Nyakato au Kahama au Bukoba, na ikahakikiwa. Utaratibu huo unastahili kuwa desturi ya kila duka la mtumba, na vyuo vyetu vya ufundi vinastahili kuufundisha pamoja na lehemu na bisibisi. Mnunuzi naye ana sehemu yake: aiseme kazi yake wazi, aombe mistari hiyo sita kabla ya kuomba punguzo, na fundi anayeijaza bila kusitasita amlipe bei yake.